Ubao wa plagi Kibirizi: shajara ya mradi, Mei hadi Septemba 2024

18 Mei

Ziwa limefungwa tangu Jumatano. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti hakuna kuvua Ziwa Tanganyika, ili samaki wapate kuzaliana, na hapa mwaloni Kibirizi, Kigoma, injini nyingi zimeshushwa kwenye mitumbwi na kuegemezwa ukutani. Zingine zimefunikwa turubai, zingine zimeachwa hivyo hivyo. Zinazoendelea na kazi ni za boti za abiria na mizigo zinazopiga vijiji vya kaskazini.

Kwa fundi hii ni nafasi adimu, kwa sababu wenye injini hawana haraka. Siku za kawaida mtu anakuja saa kumi jioni, usiku anataka kuingia ziwani kufuata dagaa, anachotaka ni plagi mpya, kile kipande kinachotoa cheche ya kuwasha mafuta, aondoke. Tunamfungia, injini inaitika, anaondoka. Ile ya zamani inaishia mchangani. Jambo hili limenikera kwa muda mrefu, maana plagi ndiyo kipande pekee kinachokaa ndani kabisa ya moto wa injini na bado unaweza kukitoa kwa spana moja bila kufungua kitu kingine. Kila kilichotokea mle ndani kinaacha alama juu yake. Tunaitupa bila kuiangalia, halafu tunabaki kubahatisha.

Kwa hiyo mradi ni huu: ubao wa plaiwudi ukutani, na plagi zilizotoka kwenye injini za hapa hapa, kila moja na karatasi yake. Karatasi itasema injini gani, silinda ipi, mwenyewe alilalamikia nini, injini ilizimwaje mara ya mwisho, na mwisho kabisa tulipofungua tulikuta nini. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayonifanya nihangaike. Picha za plagi zilizobandikwa kwenye maduka ya spea zinakuonyesha rangi na jina la ugonjwa, basi. Hazikuambii kwamba rangi moja inaweza kuletwa na mambo manne tofauti. Nimejiwekea sharti: plagi haipandi ubaoni mpaka injini yake imefunguliwa, au imetengenezwa na ikapona.

21 Mei

Nimewafundisha vijana wawili wanaojifunza kwangu namna ya kuitoa. Injini iwe imepoa, hasa yenye hedi (kifuniko cha silinda) ya alumini, la sivyo hesi (mizunguko ya kufungia, kama ya skrubu) zinaweza kung'oka na plagi. Kabla ya kulegeza, puliza vumbi na mchanga kuzunguka shimo, maana kitakachoanguka humo kitasaga silinda. Andika silinda kwenye plagi yenyewe kwa maka: juu, chini. Na usiifute. Mazoea ya mkono ni kuitoa na kuipangusa kwenye suruali papo hapo, na hapo ushahidi wote umeshabaki kwenye suruali.

25 Mei

Tumeanza na plagi ya injini nzima, kwa sababu bila hiyo huna cha kulinganishia. Imetoka kwenye boti ya abiria ambayo mwenyewe anaitunza kweli kweli. Pua ya kauri, ile sehemu nyeupe inayozunguka ncha ya kati, ina rangi ya chai ya maziwa, kavu, imesambaa sawasawa. Ncha ya kati bado ina kona zake. Mkono wa pembeni haujalika. Karatasi yake nimeiandika "Chai ya maziwa", na vijana wameshalishika hilo jina.

Jambo moja la kuwaambia wanaosoma vitabu vya zamani: picha nyingi za plagi nzima katika vitabu hivyo zilipigwa enzi za petroli yenye madini ya risasi, ambayo iliacha mabaki mengi ya kijivu na hudhurungi. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli hiyo kufikia 2006. Kwa petroli ya leo injini isiyo na tatizo lolote inaweza kutoa plagi iliyopauka kuliko ile ya kitabuni. Fundi anayeshikilia picha ya zamani anaweza kuona plagi nzima akadhani injini inakosa mafuta, akaongeza jeti (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) bure.

1 Juni

Tumeijaribu boti ile ile kwa namna nyingine, ili kila mtu aone kwa macho kwa nini ile safu ya "ilizimwaje" ipo kwenye karatasi.

Tulifunga plagi mpya, tukatoka hadi maji mapana, nahodha akafungua mafuta yote kwa dakika kadhaa, kisha badala ya kupunguza akachomoa kamba ya kuzimia pale pale, injini ikiwa kwenye kasi. Boti ikasimama, tukazitoa plagi tukiwa majini. Zilikuwa safi, na rangi kidogo tu pale chini pua inapoingia kwenye chuma. Halafu tukazirudisha, tukarudi taratibu, tukakaa kwenye gati injini ikinguruma polepole wakati abiria wanashuka. Tukazitoa tena: nyeusi, masizi juu ya kauri. Injini ni ile ile, plagi ni zile zile, petroli ni ile ile.

Ungeletewa plagi ya pili peke yake ungesema injini inakunywa mafuta kupita kiasi. Kumbe kilichosomeka pale ni muda wa kusubiri abiria. Pua ya plagi inahitaji kufika takriban nyuzi 450 za joto ndipo iunguze masizi yenyewe. Chini ya hapo masizi yanajikusanya. Ikipita 800 na zaidi hivi, pua yenyewe inageuka kaa la moto linalowasha mafuta kabla ya cheche. Plagi inaishi kati ya mipaka hiyo miwili, na injini iliyonguruma bila mzigo haijafika hata mpaka wa kwanza.

Mtu akikuletea plagi mkononi, muulize kwanza: ilizimwa ikiwa inafanya nini?

8 Juni

Hii nitaiandika kwa urefu, kwa sababu ndiyo iliyowafanya watu wa mwaloni waanze kuuheshimu ubao.

Mzee mmoja wa Katonga alituletea injini ya farasi 40, silinda mbili, kila silinda na kabureta yake. Malalamiko: bila mzigo inakwenda vizuri, ikibeba watu na nyavu na kufunguliwa inapungua nguvu baada ya muda. Ilizimwa mara ya mwisho ikiwa kwenye mwendo, nguvu zilipokwisha, kisha ikavutwa na mtumbwi mwingine hadi ufukweni. Hilo lilinifurahisha, si kwa kuvutwa kwake, bali kwa sababu plagi zilikuwa zimesimama pale pale tatizo lilipotokea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. We nibadilishie plagi tu, nimeambiwa ndizo zimechoka."

"Tutabadilisha mzee wangu, ila hizi za zamani naomba unipe mimi."

Nilizilaza juu ya kitambaa cheupe, ya juu kushoto, ya chini kulia. Ya juu ilikuwa chai ya maziwa, imekoza kidogo kwa sababu ya oili, kama ilivyo kawaida ya injini za mipigo miwili. Ya chini ilikuwa nyeupe kavu. Ncha ya kati imepoteza kona, imekuwa mviringo. Mkono wa pembeni umebadilika rangi kuelekea bluu. Nikachukua kioo cha kukuzia, nikaigeuza taratibu kwenye jua: juu ya pua ya kauri kulikuwa na vidoti vidogo sana vinavyong'aa, vimeganda pale. Nilimpa kijana akatazama. Nikampa na mzee.

Vidoti hivyo ni alumini, na ndani ya silinda alumini hiyo haina pa kutoka isipokuwa kwenye pistoni. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Maana yake pistoni ya chini ilikuwa imeanza kuyeyuka na kutemea plagi.

Weupe peke yake usingenitosha. Weupe unaweza kutokana na mafuta machache, hewa inayoingia pasipotakiwa, taimingi (wakati wa cheche) iliyotangulia, maji ya kupoza yasiyofika, au plagi ya moto kuliko inayotakiwa. Lakini hapa tulikuwa na silinda mbili zenye maji yale yale na plagi za namba ile ile, na moja iko salama. Kama pampu ya maji ingekuwa imekufa, zote mbili zingelia. Kwa hiyo tatizo lilikuwa kwenye kitu ambacho silinda ya chini inacho peke yake. Geji ya kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, ilionyesha ya chini imepungua waziwazi. Tulifungua hedi: ukingo wa pistoni, upande wa tundu la moshi, umelika, na juu yake umekuwa na vijishimo.

Kabureta ya chini: jeti kuu imeingiwa na utando wa petroli iliyolala, ule unaoganda kama gundi, tundu limebaki nusu. Na hapa ndipo injini za mipigo miwili zinapoua haraka kuliko za mipigo minne. Oili ya kulainisha inaingia pamoja na petroli. Ukipungukiwa petroli umepungukiwa na oili vilevile, kwa hiyo silinda inapata joto zaidi na ulaini pungufu kwa wakati mmoja.

Tumesafisha jeti kwa uzi wa nailoni wa ndoano, haukosekani hapa. Waya wa chuma usiingie kwenye jeti hata siku moja. Shaba ya jeti ni laini, waya unapanua tundu, na kuanzia hapo injini itakuwa inalewa petroli bila mtu kujua kwa nini. Pistoni mpya, ringi mpya, gasketi. Kabureta ya juu nayo tumeisafisha ingawa haikulalamika.

Mzee aliuliza kitu ambacho nimekiandika kwenye karatasi kama alivyosema: "Kwa hiyo ningefunga plagi mpya, ingewaka?" Ingewaka, tena vizuri. Na baada ya safari chache pistoni ingetoboka katikati ya ziwa, usiku, na miezi hii kusi linavuma kweli. Humo majini kuna watu.

Plagi zote mbili ziko ubaoni, bega kwa bega, na kipande cha pistoni chini yake kwa waya.

15 Juni

Plagi ya injini ya farasi 15. Malalamiko: inawaka asubuhi, mchana inazima ghafla, ukibadilisha plagi inapona, kesho yake tena. Kati ya ncha mbili kumejengeka daraja la mabaki meusi magumu. Umeme unapita kwenye daraja badala ya kuruka, cheche hakuna.

Chanzo kilikuwa kwenye dumu la kuchanganyia. Wamekuwa wakichanganya oili ya gari, tena iliyokwisha kutumika, kwa kukadiria na kifuniko. Oili ya injini za boti za mipigo miwili imetengenezwa iungue bila kuacha majivu mengi, na makopo yake yana alama ya TC-W3. Oili ya gari ina dawa za kulinda injini ya mipigo minne, na dawa hizo zikiungua zinaacha majivu. Majivu yanaganda kwenye ncha.

Kipimo tumekibandika kando ya ubao kwa maandishi makubwa: kwa injini inayotaka 50 kwa 1, lita 20 za petroli ni mililita 400 za oili. Injini mpya inayolainishwa kwa 25 kwa 1, lita 20 ni mililita 800. Chupa ya maji ya nusu lita iliyochorwa mistari inatosha kabisa kuwa kipimo. Kukadiria kwa jicho kunaua kwa pande zote mbili, na anayeongeza "kidogo ya usalama" bila kipimo ndiye anayerudi na plagi iliyolowa oili kila wiki.

22 Juni

Mama mmoja mwenye boti mbili za mizigo alileta plagi akiwa anajivunia: "Mwanangu, hii hata haijachafuka." Ya pili kutoka injini hiyo hiyo ilikuwa ya kahawia kawaida. Hii moja ilikuwa imetakata, kauri nyeupe, chuma kinang'aa kana kwamba imetoka dukani leo, wakati imefanya kazi miezi.

Plagi iliyo safi mno kati ya wenzake inanitia hofu kuliko iliyo chafu. Maji yakipenya kwenye silinda yanageuka mvuke na kuosha kila kitu. Tulipofungua, hata uso wa pistoni ulikuwa umeoshwa upande mmoja, na gasketi ya hedi ilikuwa na njia nyembamba kutoka kwenye mkondo wa maji. Hedi tumeisawazisha juu ya kioo na msasa, tukafunga gasketi mpya, boliti kwa mpangilio kutoka katikati kwenda nje.

Utofautishe weupe huu na ule wa Katonga. Ule wa joto ni mkavu, umepauka, ncha zimelika. Huu wa maji una ncha zenye kona zake na chuma kisichobadilika rangi. Nimeziweka plagi hizi mbili karibu makusudi.

6 Julai

Leo bodaboda. Habari ya ubao imefika mtaa wa Mwanga na vijiwe vya Gungu.

Pikipiki ya muundo wa CG125. Plagi nyeusi, masizi makavu yanayopanguswa kwa kidole. Kijana anasema inakunywa mafuta na inamisi (inaruka mipigo bila kuwaka) ikiondoka. Alishaambiwa plagi yake ni ya baridi, anahitaji ya moto zaidi, akanunua yenye namba kubwa zaidi akiamini namba kubwa ndiyo joto kubwa. Imekuwa mbaya zaidi.

Hili la namba linawaumiza wengi, nalieleza. Plagi "ya moto" ina pua ndefu ya kauri, joto linachelewa kutoka. Plagi "ya baridi" ina pua fupi, joto linakimbilia hedi haraka. Ni plagi inayopimwa hapo, injini haihusiki. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, namba ikipanda ndiyo ya moto zaidi. Kijana alitoka D8EA akaenda 9 ya kampuni ile ile, kwa hiyo alihamia ya baridi zaidi na masizi yakaongezeka. Katika D8EA, D ni hesi za milimita 12, 8 ni kiwango cha joto, E ni urefu wa hesi wa milimita 19. Katika B7HS, ambayo utaikuta kwenye injini za boti, B ni hesi za milimita 14 na H ni urefu wa milimita 12.7. Ukifunga yenye hesi ndefu kwenye shimo la fupi, pistoni inaweza kuigonga. Ukifunga fupi kwenye shimo refu, hesi tupu zinajaa masizi na cheche inajificha.

Lakini namba haikuwa ugonjwa wake. Tulitoa chujio la hewa: sponji imejaa vumbi jekundu na imegandamana. Ukimulika tochi upande mmoja, mwanga hauonekani upande wa pili. Pikipiki inavuta petroli bila hewa ya kutosha. Tumeosha, tukaikausha, tukaipaka oili kidogo, tukarudisha D8EA kwa gepu (nafasi kati ya ncha mbili) la milimita 0.7. Nimemwambia arudi baada ya wiki bila kugusa kabureta.

Kuna la mwinuko pia. Hapa ziwani tuko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa ina mgandamizo pungufu kwa karibu asilimia 9 kuliko Dar es Salaam. Tabora, kwenye mita 1,200 hivi, pungufu inakaribia asilimia 13. Kabureta haijui hilo, inamwaga petroli ile ile. Ndiyo maana pikipiki inayopanda milima ya Manyovu kila siku itakuwa na plagi nyeusi kidogo kuliko ya kijana anayezunguka Ujiji, na zote ni nzima. Mwenye pikipiki ya sindano ya mafuta asijisumbue na hili, kompyuta yake inapima.

13 Julai

Kijana wa CG125 amerudi. Plagi imeanza kupata rangi. Imepanda ubaoni, pamoja na sponji yake chafu ndani ya mfuko wa nailoni.

20 Julai

Plagi za bandia. Nilinunua boksi kwa ajili ya mradi, duka silitaji. Maandishi yapo, rangi za boksi zipo. Herufi R kwenye namba maana yake ndani kuna kizuizi cha umeme cha kupunguza kelele kwenye redio, na kwa kawaida kinasoma karibu oumu 5,000. Nikaweka mita ya umeme kuanzia kichwa hadi ncha ya kati: baadhi zinasoma sifuri, kama waya mtupu, moja haisomi chochote. Ncha ya kati ya nyingine haiko katikati ya kauri.

Hilo linaharibu usomaji wote, kwa sababu plagi ambayo kiwango chake cha joto hakilingani na kilichoandikwa itakupa rangi ya uongo. Tangu leo kila plagi mpya inapita kwenye mita kabla ya kufungwa, na inayopanda ubaoni ina kipimo chake kwenye karatasi. Vijana wawili wamegombania mita asubuhi nzima, nimefurahi.

27 Julai

Mtu amekataa kurudisha plagi yake kwa sababu ina duara la kahawia nje, kwenye kauri nyeupe pale inapokutana na chuma. Anasema inavuja moshi. Haivuji. Umeme wa volti nyingi unavuta chembe za oili zilizo hewani na kuzigandisha hapo. Inapanguswa. Moshi unaovuja ungeacha mstari kwenye hesi au chini ya washa, ile pete ya kuzibia. Plagi yake ilikuwa nzima, nimemrudishia.

3 Agosti

Injini isiyowaka kabisa, plagi imelowa petroli. Hapa kuna njia mbili, na kijana wangu alizitaja zote kabla sijafungua mdomo: ama imepewa petroli nyingi mno, ama petroli ni ya kawaida na cheche haipo. Aliiweka plagi kwenye bloku, akavuta kamba, cheche ikaonekana. Watu wakasema basi cheche ipo.

Nimewazuia hapo. Cheche inayoruka kwenye hewa ya wazi si ile inayotakiwa ndani ya silinda. Hewa ikibanwa, umeme unahitaji nguvu kubwa zaidi kuruka gepu lile lile. Koili (inayozalisha umeme wa cheche) iliyochoka itakuonyesha cheche nje na kushindwa ndani. Rangi nayo inasema kitu: ile ilikuwa nyembamba, ya njano. Tulibadilisha koili kwa ya injini nyingine inayofanya kazi, ikawaka mara moja. Na jambo la usalama: jaribio hilo lifanyike mbali na shimo la plagi lililo wazi, maana mvuke wa petroli unatoka humo unapovuta kamba.

Kutumia cheche ya volti nyingi kwenye plagi si jambo la jana. Gottlob Honold, mhandisi wa Robert Bosch, aliunda mfumo wa magneto (unaozalisha umeme kwa sumaku) na plagi yake mwaka 1902, na injini zinazoegemea ukuta huu bado zinategemea jambo lile lile.

Wageni wanaouliza kama ubao utakuwa na plagi ya MV Liemba, meli kongwe ya ziwa hili, jibu ni kwamba haina. Ilianza na mvuke, ikabadilishwa kuwa ya dizeli, na dizeli inajiwasha kwa mgandamizo.

15 Agosti

Ziwa limefunguliwa. Hakuna muda wa kuandika.

24 Agosti

Haraka imerudi na imeleta ugonjwa wake. Injini tatu zimekuja na plagi nyeupe zilizoungua, na zote tatu plagi zilikuwa zimelegea. Watu walizifunga wenyewe kwa mkono siku ya kufunguliwa wakakimbilia majini. Joto la plagi linatoka kupitia hesi na washa kwenda kwenye hedi. Plagi iliyolegea haina pa kulitolea, hata ikiwa ya namba sahihi.

Kanuni tuliyoibandika: ingiza kwa vidole mpaka ikae, hesi zisilazimishwe. Plagi mpya yenye washa, ongeza nusu mzunguko kwa spana ili washa ibanwe. Iliyokwisha kutumika, washa imeshabanwa, ongeza kidogo tu, kama sehemu moja ya 12 ya mzunguko. Kuikaza kwa nguvu zote za mkono ni kuvunja kauri au kung'oa hesi za alumini.

Injini ya mzee wa Katonga imetoka na kurudi. Alipita na plagi zake mwenyewe, amezifunga kila moja kwenye karatasi, "juu" na "chini", na ameandika kwa kalamu: ilizimwa kwenye kasi. Zote mbili chai ya maziwa.

7 Septemba

Ubao umejaa upande wa kushoto. Kulia kuna nafasi. Ninazotafuta sasa: plagi yenye mabaki mekundu au ya machungwa kwenye kauri, ambayo huletwa na baadhi ya dawa za kuongeza nguvu ya petroli, ili tuilinganishe na kutu ya injini iliyozama. Plagi yenye utando wa njano unaong'aa, ule unaotokea masizi yakiyeyuka ghafla mtu anapofungua mafuta yote baada ya kwenda taratibu muda mrefu. Inamisi kwenye kasi tu, na wengi huiacha kwa sababu inaonekana safi. Na plagi ya mipigo minne iliyolowa oili kutoka kwenye pikipiki ambayo mwenyewe yuko tayari tuifungue, ili tuwe na moja ya ringi za pistoni na moja ya sili za valvu (mipira inayozuia oili kupita kwenye valvu) ziko pamoja. Moshi wa sili hutoka zaidi asubuhi ikiwashwa na ukiachia mafuta kwenye mteremko, wa ringi hutoka ikivuta mzigo. Plagi peke yake haiwezi kuzitofautisha, kwa hiyo andika moshi ulitoka lini.

Mwenye nayo ailete Kibirizi, karakana iliyo nyuma ya wauza nyavu. Isifutwe, isisuguliwe kwa brashi ya waya (inaacha chembe za chuma kwenye kauri na umeme unapita hapo), ifungwe kwenye karatasi na si kwenye kitambaa chenye oili, iandikwe silinda, na iandikwe injini ilizimwa ikiwa inafanya nini. Mpya ya kuanzia kazi tunampa, imepita kwenye mita.